Je, ni kweli kwamba kumbukumbu zote za Wajerumani ziliungua vitani?

Swali: Msomaji wetu wa Pangani anaandika kwamba baba wa babu yake alikuwa askari wa Mjerumani na alifikia cheo cha shaushi, yaani sajenti, kabla ya vita ya 1914. Kwa mujibu wa wazee wa ukoo, mzee huyo alinunua shamba la minazi kando ya mto na akapewa karatasi yenye mhuri, ambayo leo haijulikani ilipo. Alipokwenda kuulizia katika ofisi moja ya serikali, karani alimjibu kwa sentensi moja tu: kumbukumbu za Mjerumani zote ziliungua vitani. Anataka kujua kama hilo ni kweli, na kama si kweli, utafutaji wake auanzie wapi.

Jibu: Ndugu msomaji, si kweli. Karani yule alisema jambo lenye chembe ya ukweli, lakini akaliweka mahali pasipo pake. Ziko kumbukumbu za Wajerumani zilizoungua vitani, na baadhi yake zinamhusu moja kwa moja mzee wako. Ila hazikuungulia Pangani wala Dar es Salaam, na vita iliyoziunguza si ile aliyopigana yeye. Kumbukumbu za shamba ni habari nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo naomba unisikilize kwa utaratibu, maana mtu anayetafuta nyaraka zilizopotea hana budi kwanza kuuliza ni nyaraka zipi, zilikuwa mikononi mwa ofisi gani, na zilipotea lini. Bila maswali hayo, neno "vita" linageuka kuwa jibu la kumfukuza mtu dirishani.

Tuanze na zile za utawala. Vita ilipozuka Agosti 1914, manowari za Waingereza zilianza kuipiga Dar es Salaam kwa mizinga mwezi huohuo, na ikulu ya gavana iliyokuwa ufukweni ikaharibiwa kabla ya mwaka kwisha. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilihamia bara kwa kufuata reli ya kati, iliyokuwa imefika Kigoma mwaka huohuo wa 1914, na hatimaye Tabora ikawa makao yake. Majalada ya serikali nayo yakapakiwa kwenye mabehewa. Mwaka 1916 mambo yalikwenda kasi: Waingereza waliingia Tanga na Pangani mwezi Julai, wakaichukua Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Watawala waliokuwa wanakimbia hawakuweza kubeba masijala nzima. Sehemu ya majalada ilifukiwa ardhini ili isiangukie mikononi mwa adui, nyingine iliharibiwa kwa makusudi, na nyingine iliachwa tu ilipokuwa.

Kufukia majalada ardhini katika nchi yenye mchwa na masika ni njia mbaya ya kuhifadhi karatasi, lakini ndiyo iliyoyaokoa mengi. Baada ya vita, Waingereza waliyafukua wakayarudisha Dar es Salaam, na wala hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya historia. Walikuwa wamerithi nchi yenye mashamba ya mkonge, viwanja, mikopo na migogoro ya mipaka, na walitaka kujua nani alikuwa anamiliki nini, hasa kwa kuwa mali za Wajerumani zilikuwa zimewekwa chini ya msimamizi wa mali za adui na zilitakiwa kuuzwa. Ndiyo maana nyaraka za ardhi ni miongoni mwa zile ambazo watawala wapya walikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuzitafuta na kuzitunza. Hili ni la kulishika, kwa sababu linakuhusu.

Leo majalada hayo, yapatayo 8,000, yamo Upanga, Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Namba zake huanza na herufi G. Mwaka 1997 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1960, wataalamu wa nyaraka kutoka Marburg, Ujerumani, walishiriki kuyapanga na kuyaandikia orodha kamili iliyochapishwa mwaka 1973. Majalada yalipigwa picha za filamu ndogo, na nakala zake ziko Ujerumani. Kwa hiyo mtu akikuambia hakuna kitu, ujue anazungumzia shehena ambayo ina orodha iliyochapishwa kwa zaidi ya miaka hamsini.

Ukiletewa jalada mojawapo mezani, utakachokiona ni rundo la karatasi zilizoshonwa kwa uzi ubavuni, ndani ya jalada gumu lenye jina la ofisi na mada. Karatasi nyingi zimeandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa Kijerumani wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma bila kujifunza. Pembeni utakuta maelekezo ya mabosi kwa penseli za rangi, mihuri, tarehe za kupokelewa, na wakati mwingine, katikati ya Kijerumani chote hicho, barua ya liwali au akida iliyoandikwa kwa Kiswahili, ama kwa herufi za Kiarabu au za Kilatini. Barua hizo ndizo zinazonifanya nisichoke na kazi hii, kwa sababu humo wazee wetu wanajisemea wenyewe, wakati mwingine kwa ukali kuliko tunavyowadhania.

Hata hivyo sitaki nikupe matumaini ya uongo. Yaliyosalia zaidi ni majalada ya makao makuu. Yale ya ofisi za wilaya, yaani maboma kama la Pangani, hayakusalimika kwa kiwango kilekile, na humo ndimo mambo madogo ya watu wadogo yalimokuwa: malalamiko, kodi, kesi za mipaka, mauziano ya minazi kumi na tano. Mauziano yakiwa makubwa kiasi cha kuingizwa katika daftari la ardhi, au yakimhusu mlowezi au kampuni, uwezekano wa kuyakuta Upanga ni mzuri. Yakiwa ni ya Mswahili kwa Mswahili, yaliyoshuhudiwa na liwali au kadhi kama ilivyokuwa desturi ya pwani tangu kabla ya Wajerumani, huenda hati pekee iliyokuwapo ilikuwa ile aliyoishika mzee mwenyewe. Kumbuka pia kwamba kwa amri ya tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza ardhi yote isiyo na mmiliki aliyethibitika kuwa mali ya dola, na tangu hapo mwenye shamba ndiye aliyebeba mzigo wa kuthibitisha. Karatasi yenye mhuri inayosimuliwa na wazee wako inaweza kuwa hati ya mauziano, lakini inaweza pia kuwa stakabadhi ya kodi, ambayo watu walikuwa wakiitunza kwa makini sana kwa sababu kuikosa kulileta taabu. Usiamue ilikuwa nini kabla hujaiona.

Sasa upande wa askari. Hapa ndipo moto ulipopita kweli. Baada ya vita ya kwanza, Ujerumani ilikusanya kumbukumbu za majeshi yake Potsdam, karibu na Berlin, na miaka ya 1930 pakaanzishwa huko hifadhi maalumu ya nyaraka za jeshi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1945, vita ya pili ikiwa imebakiza wiki chache kwisha, ndege za Uingereza ziliupiga mji huo kwa mabomu, na sehemu kubwa mno ya hifadhi hiyo ikateketea. Humo ziliungua kumbukumbu za jeshi la Prussia za karne kadhaa, na pamoja nazo sehemu kubwa ya zile za Schutztruppe, jeshi la makoloni ambalo mzee wako alilitumikia. Kilichobaki kiko katika hifadhi ya kijeshi ya Freiburg, nacho ni kidogo. Kumbukumbu za Wizara ya Makoloni, kwa upande mwingine, zilinusurika, na sasa ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani huko Berlin, chini ya alama R 1001. Sehemu kubwa yake imepigwa picha na inasomeka kwenye intaneti bila malipo. Wizara moja na jeshi lake, mji uleule wa Potsdam, lakini karatasi za mmoja zipo na za mwingine hazipo.

Lakini hata moto wa Potsdam usibebeshwe lawama zisizo zake. Jeshi lile lilianza vita likiwa na askari Waafrika wapatao 2,500, likakua hadi zaidi ya 10,000, na kuanzia Novemba 1917, kamanda wake Paul von Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji, lilikuwa jeshi la kuhamahama lisilo na ofisi wala mji. Karatasi zenyewe zilikuwa zimeadimika: bahari ilikuwa imefungwa, na serikali ilifikia kuchapa noti za fedha za muda kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Daftari za majina zilizotembea kwenye kichwa cha mpagazi kwa miezi kumi na mbili msituni, zikivushwa mito na kuachwa kila adui alipokaribia, hazikuhitaji bomu la 1945 ili zipotee. Lettow-Vorbeck alipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa amebaki na askari 1,168 tu. Wengine walikufa, walitekwa, waliugua, au waliona imetosha wakarudi makwao.

Askari hao walikuwa wanadai mishahara, na wengine walipewa hati za kuthibitisha madai. Kipo kisa kinachosimuliwa sana kuhusu mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Inasemekana kwamba mlipaji alipofika Mwanza, wazee wengi hawakuwa na hati yoyote, na yeye hakuwa na orodha ya kuwahakiki. Basi kila mmoja akapewa fagio kama bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani, ageuke, atue silaha, atoe heshima. Na wote wakaifanya kwata ile bila kukosea. Sitakuapia kwamba kila kipande cha kisa hiki kilitokea hivyo kinavyosimuliwa, lakini kinaeleza sawasawa hali ya kumbukumbu ilivyokuwa.

Ikiwa mzee wako alitekwa au aliacha jeshi kabla ya mwisho, usisahau njia nyingine. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles (KAR), jeshi lao la askari Waafrika, na wengi wa askari wake walikuwa wale waliowahi kumtumikia Mjerumani. Kwa jeshi la Uingereza orodha za waliostahili nishani zimesalia London, ingawa majalada binafsi ya askari wa vita ya kwanza, zaidi ya nusu yake, yaliungua kwa mabomu ya Wajerumani Septemba 1940. Ndiyo, kila upande uliunguza kumbukumbu za mwenziwe, na katika kubadilishana moto huko waliopoteza ni pamoja na watu wa Pangani ambao hawakuwa na neno katika ugomvi huo.

Wapagazi walikuwa na bahati mbaya zaidi. Hao hawakupotezewa kumbukumbu. Wengi hawakuandikwa kabisa, au waliandikwa kama idadi. Ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 katikati ya Dar es Salaam ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini haina hata jina moja la marehemu. Tume haikuunguliwa na kitu; waliokuwa na madaraka waliona majina hayo hayana haja. Nalisema hili kwa sababu wanaotafuta wazee waliokuwa wapagazi huambiwa neno lilelile la vita, na kwao ni uongo mtupu.

Si Afrika Mashariki peke yake ambako vita imefanywa shuka la kufunikia mambo. Huko Ireland, Juni 1922, jengo la kumbukumbu za umma mjini Dublin lililipuka na kuungua katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, na karne kadhaa za nyaraka zikaisha, zikiwemo sensa za 1821 hadi 1851. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba sensa zote za karne ya 19 ziliishia humo. Kumbe zile za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa kwa sababu ya uhaba wa karatasi wakati wa vita ya kwanza. Za 1901 na 1911 zimo nzima hadi leo, kwa kuwa zilikuwa zimewekwa ofisi nyingine. Nasi tunayo ya kwetu: Waingereza walipokuwa wanaondoka katika makoloni yao walichoma majalada na kusafirisha mengine kwa siri, na ilichukua hadi mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza kukiri kwamba majalada ya Kenya na ya makoloni mengine yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Hapo hapakuwa na vita iliyosogeza karatasi. Ilikuwa amri ya ofisi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Anzia nyumbani, na anza na jina. Mjerumani aliandika majina kama sikio lake lilivyoyasikia na kwa tahajia yake: Juma anaweza kuwa Djuma au Dschuma, Shabani akawa Schabani, Chande akawa Tschande, shamba likawa Schamba. Miji nayo ni vivyo hivyo: Moschi, Muansa, Udjidji, Bagamojo, Ssongea. Cheo cha mzee wako utakikuta kimeandikwa Schausch. Andika kila namna ya jina lake, jina la baba yake, kabila au mji uliotajwa na wazee, na namba ya kompani kama kuna anayeikumbuka. Waulize pia wazee wa majirani wa shamba, kwa kuwa karatasi ya mpaka mmoja humtaja mwenye mpaka wa pili, na jirani anaweza kuwa aliitunza.

Kisha nenda Upanga. Usiombe "kumbukumbu za babu". Omba orodha ya majalada ya G, uangalie sehemu za ardhi na za wilaya ya Pangani, halafu uombe majalada ya awali ya Kiingereza yanayohusu ardhi ya wilaya hiyohiyo katika miaka ya 1920. Sehemu hii ya pili watu huiruka, nami nadhani kwa shamba lako ndiyo yenye tumaini zaidi. Waingereza waliposajili upya, walilazimika kutaja hati za Kijerumani walizoonyeshwa, hivyo hati iliyopotea inaweza kuwa imenakiliwa au angalau kutajwa ndani ya jalada la Kiingereza. Wakati huohuo, magazeti ya enzi zile yapitiwe: gazeti la serikali la Kijerumani lilichapa matangazo rasmi, na Kiongozi, lililochapwa Tanga kwa Kiswahili kuanzia 1904 hadi vitani, lilijaa habari za watu wa pwani, wakiwemo watumishi wa serikali. Gazeti lilichapwa nakala nyingi, na kitu chenye nakala nyingi ni vigumu kuunguzwa chote.

Kwa Berlin na Freiburg unaweza kuandika barua pepe, na inafaa uandike kwa Kijerumani au Kiingereza, ukieleza mtu, cheo, mahali na miaka. Freiburg usitegemee kupata jalada la mzee wako. Tegemea kupata, ukijaliwa, taarifa za kompani yake zinazoonyesha ilikuwa wapi na lini. Ikiwa yupo msomaji mwenye ukoo wake Bujumbura au Kigali, huyo aelekeze macho Brussels pia, kwa kuwa Wabelgiji ndio waliozishika nchi hizo mbili tangu 1916 na kumbukumbu zao za utawala walizipeleka kwao.

Jambo moja la kisheria, kwa ufupi. Hata ukiipata hati yenyewe ikiwa na mhuri wa tai, usidhani itakurudishia shamba. Mwaka 1963 milki huru zote Tanganyika, zikiwemo zilizotokana na enzi ya Mjerumani, zilibadilishwa kwa sheria kuwa za kupangisha kutoka serikalini, na leo ardhi inaongozwa na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Hati ya kale inaweza kuwa ushahidi wa historia ya ukoo mahali pale, na wakati mwingine ushahidi huo una uzito mbele ya baraza la ardhi, lakini hilo ni la kumuuliza wakili, si mtu wa nyaraka.

Mwisho, kila ofisi utakayokwenda ikikuambia hakuna, omba jibu hilo kwa maandishi, likitaja ni majalada yapi yaliyoangaliwa na kwa namba zake. Ofisi iliyoangalia kweli haitapata taabu kuandika hivyo. Ile ambayo haikuangalia itakuambia urudi wiki ijayo, nawe urudi wiki ijayo.